Hela ya mzigo na hela ya nyumbani: lazima akaunti mbili?

Kila semina ya wajasiriamali utaambiwa fungua akaunti ya biashara, usichanganye hela. Sawa, ila mpelekee ushauri huo mama anayenunua dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, uone atakavyokuangalia.

Na wanaogoma kutenganisha wana hoja. Benki watataka TIN, leseni, cheti cha BRELA (wakala wa kusajili biashara) kama unatumia jina la biashara, afu kuna makato, wakati mzigo wenyewe unalipiwa keshi au kwa simu. Kisheria nako, kama umesajili jina tu na sio kampuni, deni la biashara ni deni lako hata uwe na akaunti kumi. Afu kuna hili ambalo semina hawaligusi, mtoto akizidiwa usiku hela ya dagaa ndo bima yenyewe, nani atakaa aulize hii ni ya upande gani?

Ila sasa angalia dagaa anavyovuliwa. Anavuliwa kwa taa, kwenye giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi inapaki na mzigo unakuwa wa shida. Kipindi cha giza hela inaingia laini moja ya simu, hiyohiyo inanunua mzigo, inalipa ada, inachangia harusi ya Igoma, unaona salio limenona unajua ni faida kumbe humo kuna mtaji na kuna hela ya mteja wa Kongo aliyetanguliza. Mbalamwezi inakuja, mnakula, na hakuna anayejua mnakula nini. Giza likirudi mtaji hauonekani, unakimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza. Hapa ndo hoja ya kuchanganya inanishinda, maana hiyo "bima" inaliwa kabla mtoto hajaugua.

Na TRA, watu wa kodi, usiwasahau. Mfanyabiashara mdogo anakadiriwa kodi kwa mauzo, sio faida, sasa kama mchango wa msiba, rejesho la vikoba na hela ya dagaa vyote vimepita laini moja, siku ukiambiwa mauzo yako ni yapi utaanzia wapi kuchambua? Sheria inataka utunze kumbukumbu miaka 5, mimi ya wiki iliyopita tu sikumbuki.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kutenganisha, ila sio lazima uanzie benki. Anza na lipa namba au laini ya pili ya mzigo tu, afu jipangie posho, kiasi kilekile kila wiki, giza au mbalamwezi. Bila posho hata akaunti mbili ni bure, utakuwa unahamisha tu huku na kule na kukatwa ada. Ya dharura iwe kwenye vikoba, isiwe kwenye mtaji. Benki nenda ukitaka mkopo wa maana, maana watakudai stetimenti, au ukianza kuuzia mashule na mahoteli, wale wengi wao wanalipa kwa jina lililo kwenye leseni na sio kwenye simu ya mama fulani.