Trola za Uingereza: sifa kwa waliokufa vitani, kimya kwa waliokufa kazini

Tarehe 19 Juni 1940, si mbali na Aden, nyambizi ya Kiitalia iitwayo Galileo Galilei iliibuka juu ya maji ili ipigane na chombo kimoja kidogo cha Waingereza. Nahodha wake hakuwa mjinga. Yeye alikuwa na mizinga miwili, Waingereza walikuwa na mmoja, na hicho chombo chao, kilichoitwa Moonstone, hakikuwa manowari hasa. Moonstone ilijengwa mwaka 1934 kama trola, meli ya kukokota nyavu, kisha jeshi la majini likainunua, likaifunga mzinga na kuipa jina la kito. Mapambano yalipokwisha, nahodha Mwitalia na karibu maofisa wake wote walikuwa wamekufa, nyambizi imejisalimisha, inakokotwa kuelekea Aden. Ndani yake zilikutwa nyaraka za siri, na siku chache baadaye nyambizi nyingine ya Kiitalia, Galvani, ilizamishwa katika Ghuba ya Oman.

Kisa hiki nakipenda. Kilitokea kwenye maji ambayo majahazi ya kwetu yameyapita kwa karne nyingi, na kina utamu wa mnyonge kumwangusha mwenye nguvu. Ila nikisoma habari za trola za mvuke za Uingereza, naona karibu kila msimulizi anaanza pale bunduki zinapoanza kulia na kunyamaza zinaponyamaza. Mimi naona simulizi la namna hiyo linawaonea wavuvi wale. Walikufa kabla ya vita, wakafa vitani, wakafa baada ya vita, kwenye meli zilezile na kwa sababu ileile: walikuwa nguvu kazi ya bei nafuu, na wa kuchukua nafasi zao hawakukosekana. Nishani zimetuzoesha kuwaona mashujaa tu, tukaacha kuuliza nani alikuwa anafaidika na jasho lao.

Basi tuanze na kazi. Mwaka 1881 meli iitwayo Zodiac iliingia kazini katika bandari ya Grimsby, mojawapo ya trola za kwanza zilizojengwa makusudi kwa injini ya mvuke. Kabla yake wavu wa kukokota ulitegemea tanga, na upepo ukikata ndiyo basi. Mvuke uliondoa kikwazo hicho. Makaa ya mawe yalitoka Yorkshire, jirani kabisa, na reli ilikuwa imeshafika gatini, hivyo samaki aliyeshushwa leo Hull au Grimsby kesho analiwa kwenye miji ya viwanda. Kufikia 1891 trola zilikuwa zinavua Iceland. Katikati ya miaka hiyo ya 1890 ukaja wavu mpya: badala ya boriti ndefu kushikilia mdomo wake, mbao mbili nzito zinavutwa na maji kwenda pande mbili, mdomo unapanuka wenyewe. Aliyewahi kuona trola za kuvua kamba kwenye pwani yetu anazijua mbao hizo. Bandari za Fleetwood, Aberdeen na Milford Haven nazo zikajaa moshi. Samaki na chipsi ya mfanyakazi wa Kiingereza, chakula ambacho hata katika Vita vya Pili hakikuwekwa kwenye mgao wa serikali, ilitoka kwenye nyavu hizo.

Na mikononi mwa nani? Kwenye Bahari ya Kaskazini trola ilikuwa na watu tisa au kumi hivi. Wavu ukipanda, samaki wanamwagwa kwenye sitaha iliyo wazi, wanaume wanasimama katikati yao na visu, wanapasua, wanatoa matumbo, wanaosha, wanapanga kwenye barafu chini. Kabla hawajamaliza, wavu mwingine unapanda. Chini kabisa kuna mtu anayelisha tanuri makaa huku sakafu inainama kushoto na kulia. Makampuni makubwa ya Hull yalikuwa na mtindo wa kuziacha trola zao baharini kwa wiki nyingi zikivua kwa makundi. Samaki waliwekwa kwenye masanduku, wakapakiwa kwenye mashua za makasia na kupelekwa kwenye meli ya haraka iliyowakimbiza sokoni London. Mashua ya makasia katikati ya mawimbi ya Bahari ya Kaskazini, imejaa masanduku! Watu wengi walizama pale, umbali mfupi tu kutoka kwenye meli zao, ili samaki awahi mnada.

Nahodha na msaidizi wake hawakuwa na mshahara. Walilipwa kwa mgao wa mauzo, baada ya kutoa gharama za makaa, barafu na zana. Safari ikiwa mbaya, nahodha alirudi na deni, na safari mbaya zikifuatana alipoteza meli. Ndiyo maana waliendelea kuvua katika hali ya hewa ambayo mtu mwenye mshahara angekimbia. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 1906, iliyosifiwa sana, iliwaacha nje wavuvi waliolipwa kwa mgao. Na meli ikizama, mishahara ya waliokuwa nayo ilihesabiwa mpaka siku ile ilipozama.

Hata risasi za vita zilianza kuwapata wakiwa kwenye kazi yao ya kawaida. Usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 Oktoba 1904, kundi la trola za Hull lilikuwa linavua Dogger Bank, eneo la maji mafupi katika Bahari ya Kaskazini. Msafara wa manowari za Urusi, ukiongozwa na Amiri Rozhestvensky, ulikuwa unapita kwenda kupigana na Wajapani upande wa pili wa dunia. Warusi waliona taa, wakajiaminisha kwamba hizo ni boti za topido za Kijapani, huko Bahari ya Kaskazini, wakafyatua. Trola iitwayo Crane ilizama, nahodha wake George Smith na mwenzake wakauawa papo hapo. Warusi walipigana hata wao kwa wao. Mwishowe Urusi ililipa fidia ya pauni 66,000, na Hull ikamjengea Smith sanamu kwenye barabara ya Hessle, mtaa wa wavuvi. Msafara ule uliendelea na safari, sehemu yake ikizunguka Afrika yote, ukakaa wiki nyingi Nosy Be, Madagascar, kabla ya kwenda kuangamizwa na Wajapani huko Tsushima Mei 1905.

Miaka mitatu baada ya mkasa huo wa Dogger Bank, Amiri Charles Beresford aliwatembelea wavuvi wa Grimsby akaona jambo ambalo wakubwa wengi hawakuliona. Kukokota wavu na kufagia mabomu ya baharini ni kazi moja. Meli mbili zinakwenda sambamba, kati yao kuna waya mrefu unaozamishwa kwa kina fulani. Waya unakata mnyororo wa bomu, bomu linaelea, linapigwa kwa bunduki. Mvuvi wa trola alikuwa na winchi, alikuwa na waya, alijua namna ya kuivuta meli na mzigo uliozama, na hakuogopa hali ya hewa. Jeshi likaanzisha kikosi cha akiba cha trola. Nahodha wa samaki akapewa cheo rasmi.

Kilichobaki ni hesabu ya kutisha. Mabomu yalitegwa kwenye kina cha kuzikamata meli kubwa, hivyo trola ilisalimika kama maji yamejaa. Yakipwa, tumbo la trola linafika pale bomu lilipo. Kwa hiyo walijitahidi kufagia maji yakiwa yamejaa, na aliyechelewa alilipa. Zaidi ya trola 200 zilizochukuliwa na jeshi zilipotea kati ya 1914 na 1918. Pembeni ya hizo, vyombo vya uvuvi vya Uingereza 675 viliangamizwa na adui vikiwa vinavua tu, na watu 434 wakafa navyo. Trola zilipopungua, serikali iliagiza mamia mapya, ikazipa majina yaliyotolewa kwenye orodha ya mabaharia wa vita vya Trafalgar vya 1805. Heshima nzuri, na haikugharimu kitu.

Kuna kisa kimoja ambacho mashabiki wa ushujaa hukipita haraka, na mimi nadhani ndicho kinachotueleza zaidi. Asubuhi ya tarehe 2 Februari 1916 trola ya Grimsby iitwayo King Stephen iliona kitu kikubwa kinaelea. Lilikuwa puto la kivita la Kijerumani aina ya Zeppelin, L 19, limeanguka baharini na Wajerumani 16 wamejishikilia juu yake. Usiku wa 31 Januari maputo hayo yalikuwa yameshambulia miji ya katikati ya Uingereza na kuua raia. Wajerumani waliomba kuokolewa. Nahodha William Martin aliwaangalia, akapiga hesabu: sisi tisa, hatuna silaha, wao ni 16. Akageuza meli akaondoka. Wote 16 walikufa maji, wengine wakiwa wameandika barua za kuaga na kuzitia kwenye chupa.

Ujerumani ilimwita muuaji. Askofu wa London alisimama hadharani kumtetea. Karibu miezi mitatu baadaye King Stephen, sasa ikiwa na silaha za kificho na nahodha mwingine, ilizamishwa na Wajerumani. Martin mwenyewe alikufa mwaka 1917. Nimejiuliza ningefanya nini mahali pake, na jibu langu hubadilika. Wanaume 16 waliozoea vita wangeweza kabisa kuiteka trola na kuielekeza Ujerumani. Pia wangeweza kuwa watu 16 waliokufa ganzi kwa baridi, wasio na nguvu ya kumshika hata paka. Ninachokiona wazi ni kwamba uamuzi ule haukustahili kumwangukia mtu aliyetoka Grimsby kutafuta samaki. Dola mbili zilimfikishia vita mpaka kwenye wavu wake, kisha askofu na magazeti wakaja kumtetea au kumlaani wakiwa pakavu.

Vita vya Pili vilipofika, utaratibu ulikuwa tayari. Makao makuu ya kikosi cha trola yaliwekwa Lowestoft kwenye bustani ya starehe iitwayo Sparrow's Nest. Watu walikiita kwa utani jeshi la Harry Tate, mchekeshaji wa jukwaani aliyejulikana kwa kuigiza mtu ambaye kila kifaa kinamharibikia mkononi. Utani huo ulikuja kuonekana wa aibu. Richard Stannard alipata Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, kwa kazi aliyoifanya kwenye trola Arab huko Namsos, Norway, chini ya mashambulizi ya ndege ya siku tano. Lady Shirley, trola ya Hull, iliizamisha nyambizi U-111 karibu na Tenerife mnamo Oktoba 1941, ikachukua mateka wengi. Desemba mwaka huohuo ikapotea karibu na Gibraltar na kila aliyekuwemo. Bedfordshire ilitumwa na wenzake 23 kulinda pwani ya Marekani, ikapigwa topido karibu na North Carolina tarehe 11 Mei 1942, asipone hata mmoja. Miili minne ilifika ufukweni, ikazikwa kisiwani Ocracoke.

Ninayempenda ni Leo Gradwell wa trola Ayrshire. Huyu hakuwa mvuvi, alikuwa wakili. Julai 1942 msafara wa PQ 17 uliokuwa unakwenda Urusi uliamriwa kutawanyika, kila meli ijiokoe. Gradwell alikataa kuwaacha waliokuwa karibu naye, akachukua meli tatu za mizigo akaziongoza ndani ya barafu, akaamuru zipakwe rangi nyeupe upande wa kuonekana, wakatulia mpaka ndege za Wajerumani zilipopita. Zote tatu zilifika. Meli 24 za msafara huo zilizama.

Mnara wa Lowestoft una majina 2,385 ya watu wa kikosi hicho ambao kaburi lao ni bahari. Ni sawa uwepo. Ila usiku wa kawaida wa amani uliendelea kuua vilevile. Tarehe 26 Januari 1955, kaskazini ya Iceland, Lorella na Roderigo za Hull zilinaswa na dhoruba ya baridi kali. Maji yaliyorushwa na upepo yaliganda juu ya milingoti, kamba na paa. Wanaume walipiga barafu kwa shoka, nayo ikaganda upya nyuma yao, hadi meli zikawa nzito juu kuliko chini, zikapinduka. Wote 40 walikufa. Hakukuwa na adui wala bomu. Soko lilitaka chewa wa kaskazini, na meli zilifuata alipo.

Miaka kumi na mitatu baadaye, kati ya Januari na Februari 1968, Hull ilipoteza trola tatu mfululizo: St Romanus, Kingston Peridot na Ross Cleveland. Walikufa watu 58, akapona Harry Eddom peke yake. St Romanus ilitoka bandarini bila mwendesha redio, na hilo halikuvunja sheria yoyote. Safari hii wanawake wa barabara ya Hessle hawakungoja mnara. Lillian Bilocca, mfanyakazi wa kiwanda cha samaki na mke wa mvuvi, alikusanya saini 10,000, akaenda na wenzake gatini kuzuia meli isiyo na mwendesha redio isiondoke, kisha wakapanda treni kwenda London kuwakabili mawaziri. Matakwa 88 ya usalama yalikubaliwa, pamoja na meli ya kusindikiza yenye daktari na wataalamu wa hali ya hewa.

Bilocca alitumiwa barua za matusi na vitisho, baadhi kutoka mtaani kwake. Kiwanda kilimfuta kazi, na hakupata tena ajira kwenye biashara ya samaki hadi alipofariki mwaka 1988.