Mtoto wa Pwani, Gambuti na Mbwa Aitwaye Keks

Nilionywa, na sitajifanya sikuonywa. Mwenye nyumba tuliyopanga alibandika karatasi mlangoni, kwa Kijerumani: ukishuka kwenye tope la bahari usivae gambuti, vaa raba kuukuu na uzifunge kamba barabara. Mke wangu akanisomea tena kwa Kiswahili, nisije nikasema lugha ilinipiga chenga.

"Hiyo," nikamwambia, "ni kwa watu wa bara."

Mke wangu ni mzaliwa wa Machame, chini ya mlima Kilimanjaro. Hakunijibu. Aliinama, akafunga kamba za raba zake mafundo mawili mawili, kisha akawafunga watoto. Mimi mtoto wa Sahare, Tanga, niliyejua kupwa na kujaa kabla ya kujua a-e-i-o-u, nikavaa gambuti zangu mpya za kijani, nikatoka kifua mbele.

Lakini hapo nimeruka. Kwanza mbwa.

Tunaishi Hamburg. Mwezi wa kumi, majani yanapopukutika, shule hufungwa wiki mbili, na Wajerumani wenye akili hupanda ndege kwenda Mallorca kulifuata jua lililowakimbia. Sisi hatuendi Mallorca. Sisi tuna Keks.

Keks maana yake ni biskuti. Jina lilipitishwa kwa kura tatu dhidi ya moja, na hiyo moja ilikuwa yangu. Nusu yake ni Labrador, nusu nyingine ni siri ya Mwenyezi Mungu. Ana kilo 34. Kila mwaka namlipia kodi ya euro 90 kwa serikali ya jiji. Ana bima, asije akaharibu mali ya watu, na ana namba yake chini ya ngozi kama gari lenye namba ya chesi. Mjomba wangu nilipomweleza hayo alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekata, kisha akauliza, "Na mshahara wake ni kiasi gani?"

Mjomba sijamwambia habari ya vifuko. Mara tatu kwa siku, ya kwanza ikiwa gizani na mvua inanyesha ya ubavuni, mimi mwenye shahada yangu natembea nyuma ya Keks nikisubiri aamue, na akishaamua nainama naokota. Mjomba ndiye aliyeuza shamba la minazi ili mimi nisome. Ana presha. Tumwache.

Kitu kimoja tu nitamsifia Keks. Katika jengo letu niliishi miaka tisa bila jirani hata mmoja kujua jina langu. Keks alimaliza wiki moja, jengo zima likawa linamsalimia ngazini: "Keks, umeamkaje! Keks, vipi tumbo?" Mimi bado hawalijui langu, ila sasa wananiita Baba Keks, na kwa ujirani wa kule hiyo ni hatua.

Mama yangu, aliyeko Tanga, aliruhusu mbwa kwa masharti mawili: asikanyage pale tunaposwalia, na asimlambe mtu, maana mate ya mbwa ni najisi. Sharti la kwanza Keks alilielewa kwa siku tatu. La pili hajalisikia mpaka leo.

Basi tukaenda Cuxhaven, pale mto Elbe unapomwagikia Bahari ya Kaskazini, safari ya saa mbili hivi kwa treni. Kwenye treni, mbwa asiyetosha kwenye kikapu sharti afungwe mdomo kwa kile kitu cha mikanda, na Keks akifungwa hutoa pumzi za mjane. Bibi mmoja aliyeketi mkabala alimtazama kwa huruma, kisha akanitazama mimi bila huruma, hivyo hivyo mpaka mwisho wa safari.

Siku mbili za kwanza zilikuwa mvua, mikate ya samaki, na mbwa aliyelowa akijikausha kwenye makochi ya watu. Siku ya tatu mbingu zikafunguka.

Na hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu nilianza kuiona ile bahari kama ya kwetu. Mara mbili kwa siku maji yanakupwa, yanaondoka kabisa, kilomita na kilomita, sakafu ya bahari inabaki wazi mpaka upeo wa macho. UNESCO waliiandika kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2009. Mbali kule unakiona kisiwa cha Neuwerk na mnara wake wa mwaka 1310, kiasi cha kilomita kumi, na watu wanakwenda kwa miguu! Wasioweza kutembea wakati ule walikuwa wanapanda mikokoteni ya farasi yenye magurudumu makubwa, yanayomfika mtu kifuani. Njiani yamesimikwa matawi ya kuonyesha njia, na vichanja virefu vyenye ngazi, ili ukikutwa na maji ukwee juu usubiri kuokolewa.

Nilipoviona vile vichanja nilicheka kwa sauti.

"Mwezi ulipevuka juzi," nikawatangazia wanangu, nikiwa nimeshika kiuno. "Kwa hiyo hili ni bamvua. Maji yatakupwa sana, na mwisho wake ni kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi." Tukaenda kwenye ubao wa saa za maji pale ufukweni. Umeandikwa: saa 4 na dakika 40.

Laiti ule ubao ungenikosoa siku ile. Haukunikosoa. Nikavimba kama bunju.

Tukashuka. Mwanzoni ni mchanga mgumu wenye mikunjo, umejaa vichuguu vidogo vya mchanga uliosokotwa kama tambi, kazi ya minyoo iliyo chini. Baridi ya kukata masikio. Binti yetu wa miaka 11 anaokota kome, mdogo wake wa miaka saba anauliza kila dakika kama pweza wapo, maana usiku kucha nilikuwa nimewasimulia nilivyokuwa navua pweza kwa kijiti pale Sahare. Eneo lile ni hifadhi ya taifa, mbwa lazima awe kwenye kamba. Yetu ni ile inayojikunja yenyewe kwenye kibweta, inafika mita tano.

Baada ya nusu saa hivi nikapata wazo la kumpigia mdogo wangu wa Tanga kwa video. Simu inataka mkono mmoja, na mkono wa pili nilitaka niutumie kuonyeshea. Kamba ya mbwa nikaipitisha kwenye mkanda wa suruali, nikaikaza.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "hiyo kamba ishike mkononi."

"Nina uzoefu na kamba," nikasema. Kamba gani, sijui. Nadhani nilikuwa nawaza majahazi.

Mdogo wangu akapokea. Nikaanza hotuba. Nikamwonyesha Neuwerk, nikamwonyesha matawi, nikamweleza kwamba Wajerumani hawa wanahitaji ubao na waongozaji na vichanja kwa jambo ambalo mtoto wa Tanga anazaliwa nalo. Wakati nahutubia sikugundua kwamba pale niliposimama si mchanga tena. Ni tope jeusi, laini kama uji wa ulezi, lenye harufu ya yai viza, ndugu wa damu wa tope la mikoko yetu. Nilikuwa nazama taratibu, kwa adabu, bila kusumbua mtu. Nilipotazama chini, tope lilikuwa limefika karibu na mdomo wa gambuti.

Nikavuta mguu wa kulia. Haukuja. Nikavuta wa kushoto. Ukasema *fwaa*, ukarudi ndani zaidi.

"Mbona umekuwa mfupi?" mdogo wangu akauliza.

Wakati huohuo, kwenye upeo wa macho, ukatokea mkokoteni unaorudi kutoka Neuwerk, farasi wawili wanene wanapiga mashapo kwa kwato. Keks katika maisha yake yote ya mjini hakuwahi kuona farasi. Nafikiri aliona mbwa wakubwa kuliko wote duniani, na akaona ni utovu wa adabu kutokwenda kujitambulisha.

Kile kibweta kiunoni kikalia *zzzzzzz*. Mita moja. Mbili. Nikapata nafasi ya kusema "Keks, la." Tatu. Nne. Tano.

Mwili wangu ukaondoka. Gambuti hazikuondoka. Zilibaki zimesimama wima, pua zimeelekea kisiwani, kama za mtu aliyenyakuliwa mbinguni ghafla. Mimi nilipaa kidogo, nakumbuka hewa, kisha nikatua kifudifudi, mdomo wazi kwa kuwa sentensi ilikuwa haijaisha, na Keks akanikokota kwa tumbo kama ngalawa inayoshushwa baharini. Kama mita tatu. Mke wangu anasema sita, lakini yeye alikuwa anacheka na hakuwa na hali ya kupima.

Nilipoinua kichwa mtoto wangu mdogo alikuwa amechuchumaa mbele yangu.

"Baba, umempata pweza?"

Sikuweza kumjibu, kwa sababu Keks alikuwa amegeuka. Aliona baba yake yupo chini, akaacha habari ya farasi, akaja mbio. Akanilamba. Si kulamba kwa juujuu. Alianza kidevuni, akapanda puani, akafanya macho yote mawili, akamalizia sikio.

Na simu, iliyoangukia mgongo ikiwa bado hewani, ikatoa sauti ya mama yangu. Mdogo wangu alikuwa amemwita aje amwone mwanawe.

"Yaa Rabi! Mwanangu, amekulamba uso! Uoshe mara saba! Mara saba, na moja kwa udongo!"

"Mama," nikasema, nikitema kitu ambacho nadhani kilikuwa mnyoo, "ya udongo nimeshamaliza."

Nyuma ya mama nikasikia watu wakicheka, wengi kuliko wanaoishi nyumba ile.

Wakatokea mume na mke Wajerumani, wazee, wamevaa soksi nene za mpira kama za wapiga mbizi. Mjerumani hawezi kupita penye kosa bila kulisahihisha. Wakanieleza kwa upole kwamba gambuti hazivaliwi hapa, tope linazinyonya. Nikawashukuru. Mke wangu akawashukuru zaidi, akawaomba warudie tena ile sehemu ya gambuti, hakusikia vizuri. Kisha sote tukashikana kulivuta la kushoto, likatoka na mlio nisioweza kuuandika mbele ya watu wazima. La kulia lilikataa. Wanangu walichimba kwa mikono, mashapo yakawa yanajifukia, mwisho tukaliacha. Liko kule hadi leo, ndani ya Urithi wa Dunia.

Hatari ya maji, kusema kweli, haikuwapo. Maji yalifuata hesabu yangu dakika kwa dakika. Hilo nimelieleza mara nyingi tangu siku ile na sijapata bado mtu wa kulisikiliza.

Shida ilikuwa mguu mmoja wenye soksi, baridi ile, na kilomita moja na ushei ya kurudi. Mwenye mkokoteni akasimamisha farasi. Alikuwa na abiria wazee wanane waliofunikwa mablanketi mpaka kidevuni, na nafasi chache. Akamtazama mke wangu, akawatazama watoto, akawapandisha. Akamtazama Keks, aliyekuwa na tope miguuni tu kwa sababu mengine yote aliyahamishia kwangu, naye akapandishwa, na mara moja akafunikwa blanketi na kuanza kulishwa biskuti. Halafu akanitazama mimi. Akafikiri. Akatafuta gunia la plastiki, akalitandika ukingoni kabisa mwa mkokoteni, nyuma, nikae huko miguu ikining'inia.

Tukaenda. Upepo ulinikaushia tope usoni hadi likawa linapasuka kila nikijaribu kutabasamu. Mguu mmoja gambuti la kijani, mwingine soksi ya kijivu inayodondosha maji. Bibi mmoja aliyekuwa karibu yangu, mwenye kofia ya sufu na macho ya huruma, alikuwa ananitazama kwa muda. Akaniinamia, akazungumza polepole na kwa sauti kubwa, kama watu wanavyozungumza na mgeni:

"Ndiyo mara yako ya kwanza kuiona bahari?"

Kabla sijafumbua mdomo, mke wangu, mzaliwa wa Machame, raba zake bado zimefungwa mafundo mawili mawili, akamgeukia kwa Kijerumani kitamu kuliko chote nilichowahi kumsikia akikitamka.

"Umsamehe, mama," akasema. "Ametoka bara."

Na simu yangu, ambayo alikuwa ameiokota na kuipangusa, na ambayo mimi nilidhani imekatika zamani, ikataka kujua kutoka Tanga: amesemaje, shemeji, amesemaje? Akawatafsiria.