Bima au mfuko wako: nani alipie tiba ya mazungumzo?

Fomu ya madai ya bima ina sehemu moja isiyokubali kuachwa wazi: ugonjwa. Mshauri wa saikolojia anayetaka kulipwa na kampuni ya bima hujaza hapo alama kutoka orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la 10 la orodha hiyo, F32 ni sonona. Ukiwa na F32, mlango unafunguka. Aliyekuja kwa sababu ndoa inayumba huangukia herufi Z, kundi la shida zisizo ugonjwa, na bima nyingi hazilipii Z. Mshauri hubaki na mawili: amtafutie mteja wake ugonjwa, au amwambie alipe mwenyewe.

Hapo ndipo wanaotetea kulipa mfukoni wanapopata hoja yao nzito. Wanasema bima ni mtu wa tatu ndani ya chumba: inataka kutoa idhini kabla hujaanza, inahesabu vikao, inauliza kama bado unaumwa. Tena taarifa ya malipo mara nyingi hutumwa kwa mwenye bima, hata kama aliyetibiwa ni mwingine. Kwa mke anayetegemea bima ya mume anayempiga, karatasi hiyo ni hatari kabisa, na simlaumu akitafuta fedha taslimu popote atakapozipata.

Kwa wengine wengi, hata hivyo, hoja ya usiri imetiwa chumvi. Wapo wanaolipa wenyewe wakiamini kwamba siku wakiomba bima ya maisha hakuna atakayejua. Fomu zile zinapogusa afya ya akili, huuliza kama umewahi kutibiwa. Haziulizi nani alilipa. Ukiandika "hapana" umedanganya, na uongo huo unaweza kuwanyima warithi wako fidia.

Ipo pia hoja ya kale kwamba kinachouma mfukoni ndicho kinachoheshimiwa. Sigmund Freud mwenyewe, daktari aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi kwa mazungumzo, aliandika mwaka 1913 kwamba tiba ya bure huweza kumfanya mgonjwa azidi kuwa mgumu. Miaka mitano baadaye, mjini Budapest, huyohuyo aliwataka wenzake wafikirie tiba ya bure kwa maskini, na mwaka 1920 kliniki ya namna hiyo ikafunguliwa Berlin. Kati ya kauli zake hizo mbili ilizuka vita kuu. Mimi namwamini zaidi Freud wa Budapest.

Namwamini kwa sababu tiba hii si kidonge cha mara moja. Tiba ya kubadili fikra na tabia, ambayo ni miongoni mwa zile fupi, mara nyingi huchukua vikao 6 hadi 20. Zidisha bei ya kikao kimoja uone. Anayelipa mwenyewe huanza kwa ari, kila wiki. Kisha inakuwa kila wiki mbili. Kisha unafika mwezi wa gharama nyingine, na simu ya mshauri haipokewi tena. Wengine huachia palepale mazungumzo yalipoanza kugusa kidonda. Kwangu mimi, tiba iliyokatika njiani ni hasara kubwa kuliko F32 kwenye faili.

Bima nayo isisifiwe bure. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 na ile ya India ya mwaka 2017 zinazibana kampuni za bima zisiyatendee magonjwa ya akili tofauti na ya mwili, lakini hazimlazimishi mshauri kupokea kadi yako. Wengi huikataa kwa kuwa malipo ni madogo, yanachelewa, na madai hurudishwa kwa kosa la tarehe tu. Unaweza kuwa na kadi halali na orodha ndefu ya majina, ukapiga simu zote, usipate nafasi.

Basi, mwenye sonona au hofu inayomnyima kazi na usingizi atumie bima, alama na iandikwe. Mwenye jambo lisilo na jina la ugonjwa alipe, ila ajue tangu mwanzo anamudu vikao vingapi. Katikati kuna njia inayosahaulika: kulipa kwanza, kisha kudai marejesho kwa risiti. Piga simu kwenye kampuni yako kabla ya kikao cha kwanza, maana baadhi hurejesha sehemu tu na nyingine hazirejeshi hata senti. Wapo pia washauri wanaopunguza ada kwa asiyejiweza, lakini wengi wao hawalitaji hilo hadi waulizwe.