Makalavati Yapo Kwenye Kompyuta

Nina tabia ya kumnung'unikia bosi kwa maandishi. Mdomoni sithubutu, kwa hiyo naandika kwenye mchoro wenyewe, ndani ya AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, kwenye leya (tabaka la mchoro) niliyoizimia kialama cha printa. Ukikizima kile, kitu unakiona kwenye skrini ila karatasini hakitoki. Miaka miwili nimemsema mzee wa watu namna hiyo, na chai tunakunywa pamoja.

Basi tukapewa barabara ya changarawe, kwenye kilima kimoja hapa Mwanza ambako nyumba zimepanda juu ya mawe kama mbuzi. Mzee akataka mtaro upitie juu ya jiwe kubwa. Nikamwonyesha kontua, mistari ya mwinuko: maji yangelazimika kupanda mita moja na nusu. "Chora, kijana." Nikachora. Kisha kwenye leya yangu ya siri, niliyoiita MAELEZO ili asiishtukie, nikaandika: MAJI YA MZEE YANA MIGUU, YATAPANDA MLIMA.

Herufi nilizipa kimo cha mita 20, maana mchoro nilikuwa nautazama kwa mbali. Skeli ilikuwa 1:1000, yaani mita ya ardhini ni milimita karatasini. Piga hesabu: milimita 20 karatasini, kichwa cha habari cha gazeti! Rangi nikaipa kijivu, ya aibu aibu.

Jioni ya mwisho mzee akaagiza mchoro uhamishiwe kwenye kiolezo kipya cha ofisi. Nikakopi, nikapesti. Kumbe kiolezo nacho kilikuwa na leya ya MAELEZO, printa imewashwa, na majina yakigongana mwenyeji ndiye anayeshinda: maneno yangu yakavua tabia za kwangu, yakavaa za pale. Na uchapaji ulipangwa kwa monochrome.ctb, faili la kuamua rangi za kuchapa, ambalo halijui aibu ni nini. Kijivu, njano, nyekundu, zote linazitoa nyeusi tii.

Halafu kuna leya ya Defpoints. Wachoraji mnaijua. Hukuiomba, unaweka kipimo cha kwanza tu, inajileta yenyewe, na ukichora juu yake hakichapwi kitu, hata ulie. Makalavati yangu yote matano, yale ya kupitisha maji chini ya barabara, nilikuwa nimeyachorea humo bila kujua. Kwenye skrini yaling'aa kama sato wa asubuhi.

Nikachapa A1 kwenye stesheneri ya mjini, mvua inanyunya. Nikaviringisha, nikafunga nailoni, mbio kwenye daladala. Sikuangalia.

Kesho yake, mkutano wa mtaa. Tukatandaza karatasi juu ya jiwe, kokoto kila kona. Bibi mmoja akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Maji ya mzee yana miguu, yatapanda mlima."

Kimya. Nilimsikia mbuzi akitafuna.

"Mzee yupi?" mwenyekiti akauliza.

Mzee wangu akanitupia jicho moja, kisha akakimbilia makalavati. "Sasa wananchi, hapa ndipo maji yatakapovuka barabara." Kidole kikatua peupe. Akakisogeza. Peupe. Akavua kofia.

"Makalavati yako wapi, kijana?"

"Yapo, mzee. Yapo kwenye kompyuta."

"Wabheja," akashukuru yule bibi kwa Kisukuma. "Basi mvua ikinyesha, maji tutayaelekeza kwenye kompyuta."

Walicheka mpaka mwenyekiti akakaa chini. Kicheko kilipopoa, babu mmoja akagonga fimbo palepale penye miguu. "Aliyeandika hapa nani? Huyo ndiye anayejua mlima wetu. Masika maji yanashukia kule, chini ya jiwe."

Sikuinua mkono. Mzee akanipa kalamu nyekundu bila kunitazama. Nikachora makalavati matano kwa mkono, jasho linadondokea mchoro, huku babu akinielekeza kwa fimbo. Mtaro nao ukateremka chini ya jiwe.

Njiani hatukusemeshana. Tulipofika Buzuruga ndipo akaguna: "Kumbe nina maji."

"Samahani, mzee."

"Tena yenye miguu."

Ofisini sasa naitwa Defpoints. Mwisho wa mwezi nikaenda kwa mhasibu kusaini mshahara, nikapitia orodha juu hadi chini, jina silioni. Dada wa watu hata uso hakuinua.

"Lipo kwenye kompyuta."