Futi 78 Juu ya Mto Potomac

Usiku wa 29 Januari 2025, helikopta ya Jeshi la Marekani aina ya Black Hawk iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikitoka Wichita ikienda kutua uwanja wa Reagan, na watu wote 67 wakafa katika Mto Potomac, Washington. Tangu hapo wengi wameshika hesabu moja: mwisho wa mwinuko wa helikopta pale ulikuwa futi 200, nayo ilikuwa futi 278. Marubani wamekosea, kesi imekwisha.

Hesabu hiyo si ya uongo. Ilikuwa safari ya mafunzo, rubani akipimwa uwezo wake wa kuruka na miwani ya kuonea usiku. Mara mbili mwongoza ndege aliambiwa na helikopta kwamba ndege inaonekana na kwamba wataikwepa wenyewe. Hawakuikwepa. Wafiwa wana haki ya kuuliza kwa nini, na kuuliza pia kama jeshi lilikosa pengine pa kufundishia.

Ila hizo futi 78 zitazame vizuri. Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani (NTSB) ilijaribu helikopta tatu za kikosi kilekile cha helikopta iliyoanguka, ikakuta vipimo vya mwinuko vikitofautiana na mwinuko halisi kwa futi 80 hadi 130. Yaani rubani mtiifu kabisa, jicho kwenye kipimo, mshale umetulia kwenye 200, angeweza kuwa futi 300 bila kujua. Dakika chache kabla ya ajali, ndani ya helikopta iliyoanguka rubani alisema wako futi 300, mkufunzi akasema 400. Watu hao tunawaita wazembe?

Tuseme wangekuwa 200 kamili. Ndege inayoshukia njia namba 33 ya kutulia ndege uwanjani Reagan ingepita juu yao kwa futi 75 tu, kama mita 23. Na huo ndio mpango uliochorwa kwenye ramani, ukapitishwa na mamlaka ya anga, FAA. Kati ya Oktoba 2021 na Desemba 2024, helikopta na ndege za abiria zilikaribiana hapo mara 15,214, wastani wa mara 13 kila siku. Nyingi hazikuwa za kutisha, nakubali. Lakini 85 zilikuwa chini ya futi 200 kwa wima na futi 1,500 kwa mlalo, na takwimu hizo FAA ilikuwa nazo.

Usiku ule mtu mmoja mnarani aliongoza ndege na helikopta kwa pamoja. Agizo lake la "pitia nyuma ya ndege" huenda halikusikika lote, kwa kuwa helikopta ilikuwa imebonyeza redio wakati huohuo.

Machi 2025 Bodi ilitaka helikopta zisipite kwenye njia yao ya mtoni wakati njia ya kutulia ya 33 inatumika, na FAA ikakubali, ikaifunga njia hiyo ya helikopta. Kama kushika futi 200 kungetosha kumlinda mtu, isingefungwa.