Sikutumbukia Ziwani, Nilimkalia Samaki

Ile sauti ya shemeji mnayorushiana WhatsApp, kwamba nilizama nikaokolewa na helikopta, ni uzushi mtupu. Sikuzama Ziwa Simcoe, hapa Ontario, Kanada, na hakuna helikopta iliyokuja. Ulioingia majini ni mguu mmoja. Wacha niseme mwenyewe kabla hajatoa toleo la pili.

Tulikuwa tunavua samaki juu ya barafu, ghuba ya Cook's Bay, kusini mwa ziwa, maji ya mita nne hivi juu ya magugu yaliyolala. Samaki waitwao pechi wa njano wanapapenda hapo hata juu kukiwa kumeganda. (Mnaouliza barafu inabebaje watu: ikiwa ngumu na angavu, sentimita 10 zinatosha kutembea. Yetu ilizidi sana.) Keekee yetu ya kutobolea barafu hutoa shimo la upana wa sentimita 20. Kipimo hicho kiwekeni akilini. Buti langu likitangulia ncha, linapita.

Pechi hula mchana, karibu na tope, tena huzurura kwa makundi ya saizi moja. Ukipata vidogo tupu, hama shimo. Unashusha kichuma kidogo chenye ndoana mpaka kiguse chini, unakigotesha vumbi litimke, unakiinua shibiri moja, unatulia. Anavyodonoa sasa! Ni mtu anayebisha hodi huku akiomba asifunguliwe. Ncha ya ufito wa kuvulia inainama kidogo tu, basi, na hapo unainua mkono bila papara. Ukimvuta kwa nguvu za sangara wa Mwanza, ndoana inachomoka.

Kundi likifika halikai, kwa hiyo adabu huwekwa kando: chomoa, tupa nyuma, rudisha chambo chini. Na ndani ya hema tunalosimika juu ya shimo tunaweka giza makusudi, ili tuone shimoni. Mmoja niliyemtupa nyuma hakufika kwenye ndoo. Alifikia kiti changu cha kukunja.

Hapa twende polepole.

Hita ya gesi imepasha hema, suruali nzito ya theluji nimeshaivua. Ufito unapinda tena, mkubwa huyo, nataka kukaa nimvute kwa raha. Kitambaa cha kiti kimebonyea katikati, kwa hiyo yule bwana hakulala ubavu. Amekaa wima, tumbo chini, mgongo juu. Pechi ana mapezi mawili mgongoni. La nyuma ni laini, halina ugomvi na mtu. La mbele lina miiba 13 hadi 15, na akishtuka huisimamisha yote.

Alikuwa ameshtuka.

Nikajishusha taratibu. Kwanza nikahisi ubaridi. Halafu unyevu, nikajiuliza nani kamwaga maji. Halafu uzito wangu ukawasili wote kwa pamoja. (Shemeji anadai nilipiga ukunga. Nilimwita marehemu bibi, tena kwa jina lake kamili.) Niliruka juu, kichwa kikagonga chuma cha hema, nikatua na mguu wa kulia ndani ya shimo hadi gotini. Buti likajaa maji ya barafu. Mkono mmoja umeshika makalio, mwingine hewa, na ufito umelala mbele yangu unatikisika.

Shemeji akaruka haraka sana. Akashika ufito.

"Tulia hivyo hivyo kaka, usimkatishe!"

Akampandisha samaki kando ya ugoko wangu, kwenye shimo lile lile, huku mimi nikiambiwa nisipumue kwa nguvu. Alikuwa mnene kweli, mapezi ya tumboni rangi ya chungwa inawaka. Alimpiga picha. Nami nimo, kwa nyuma.

Yaliyobaki ni mafupi. Nilichomolewa, nikakaushwa mguu kwenye hita, tukafungasha. Leseni ya kawaida ya uvuvi inaruhusu pechi 50. Hatukuwa hata karibu. Miiba ya pechi haina sumu. Nyumbani ilikuwa maji ya moto, sabuni, na mke wangu akicheka hadi kushindwa kushika tochi.

Minofu ilipakwa chumvi, pilipili manga na unga wa ngano, ikakaangwa dakika mbili kila upande. Nyama nyeupe, tamu, haina shombo. Kila mtu alivuta kiti mezani. Mimi nilikula nimesimama.