Farasi Wamechukua Mji

Nyie mlio nyumbani mnaodhani sisi wa Ulaya tunakula raha, njooni Cheltenham, huku Uingereza, wiki ya mbio za farasi mwezi wa tatu. Jumanne hadi Ijumaa mji huu si wetu tena, ni wa farasi. Basi langu la kazini linajaa wanaume wa suti nzito za sufu na kofia, saa nne asubuhi washaanza kunuka bia nyeusi. Na miaka hii Ramadhani inaangukia humo humo! Nimefunga, nimesimama mguu mmoja, na anayeniomba radhi ndiye aliyeukanyaga wa pili.

Halafu hizo desturi zao. Jumanne, mbio ya kwanza, farasi ndiyo kwanza wanaondoka, maelfu ya watu wanapiga ukelele mpaka vilima vinaitika. Nikauliza, nani kashinda? Hakuna. Wanashangilia kuanza! Kwetu Lamu punda wakishindana pale ufukoni, angalau twangoja mmoja afike. Tena punda ana akili zake, ukimwambia aruke ukuta anakutazama tu, mazungumzo yamekwisha. Farasi wa huku, Ijumaa kwenye Gold Cup, mbio kuu ya wiki, anakimbizwa zaidi ya kilomita tano na kurushwa viunzi 22, mtu yuko mgongoni. Farasi mmoja, Golden Miller, alilibeba kombe hilo miaka mitano mfululizo, 1932 hadi 1936. Mimi mshahara wangu haujaruka hata kiunzi kimoja.

Jikoni tunakofanya kazi nako hakukaliki. Kuna mzee wa Ireland, wiki nzima kazi yake kuhesabu: sisi tumeshinda mbio ngapi, Waingereza ngapi. Mwaka 2021 ilikuwa 23 kwa 5, na mpaka leo anaitaja kila tukimenya viazi. Waingereza wanainamia vitunguu, machozi yanawatoka, sijui ni ya kitunguu au ya 2021.

Nafika nyumbani hoi, nafungua kinywa kwa tende, simu inalia. Mjomba, Lamu.

"Mwanangu, hujambo? Eti huko farasi gani anaonekana atashinda mwaka huu?"

"Sijambo, shikamoo mjomba. Mwezi mtukufu huu, na kamari ni haramu."

"Marahaba. Nani kataja kamari? Mimi napenda wanyama tu. Hebu nitajie jina."

Nikanyamaza.

"Na la wa pili pia, mwanangu, asije yule wa kwanza akaanguka."